Vivuli Vilivyobaki Uwanjani

Nyahanga walifungwa mabao matatu katika dakika nane za mwisho, wakati walikuwa wanaongoza kwa mawili, na aliyelaumiwa ni kipa wao Bujiku. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mwaka 1937, kwenye uwanja ulio kando ya mnada wa ng'ombe wa Kahama. Wageni walikuwa vijana wa Ushirombo, Wakatoliki watupu, waliotembea siku tatu na kucheza bila viatu.

Mpaka dakika ya themanini na mbili hapakuwa na tatizo. Shaaban, muuza kaniki, ambaye ndiye aliyekuwa kapteni, alikuwa amefunga mara mbili. Ushirombo walikuwa wamechoka. Watu wao wapatao thelathini, waliokuja nyuma yao na vyungu na mikeka, walianza kuimba ili kuwapa vijana wao moyo. Waliimba vizuri. Watu wa Nyahanga wakaanza kusogea upande ule kusikiliza.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Kwa Wasukuma, mashindano ya mbina huamuliwa na watazamaji. Makundi mawili hucheza kwenye uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake na dawa zake, na watu huenda wanakovutwa. Jua likizama, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Mzee Jilala, manju wa ngoma ya Nyahanga, alikuwa ameshinda mbina kumi na moja kwa hesabu hiyo. Alipoona watu wanasogea kwa Ushirombo, alijua kwamba Nyahanga inashindwa. Akashika ngoma yake.

"Tunanyang'anywa watu!" alipiga kelele. "Rudini huku! Mnakwenda wapi, mmelogwa?"

Watu wakarudi, na wanaume kati yao wakacheza. Zamoyoni, fundi cherehani na mzee wa timu, aliingia katikati akiwa ameshika kanzu yake kwa mkono mmoja. Sabiti, mwadhini, akamfuata. Kisha Shaaban akatoka uwanjani akaingia ngomani, na wachezaji wengine watano wakamfuata, maana hakuna mchezaji anayeweza kusikia kwamba watu wake wanashindwa naye amesimama tu. Kati ya wanne waliobaki mbele ya kipa, wawili waligeuza migongo wakawa wanaangalia ngoma. Refa alikuwa mwalimu Kamili. Alitazama saa yake akaendelea na mechi, kwa sababu sheria alizosoma hazikusema neno juu ya ngoma.

Bujiku alibaki golini. Aliokoa mipira sita. Wa saba ukaingia, wa nane akaupangua, wa tisa na wa kumi ikaingia.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Jilala alikuwa amezungukwa na watu zaidi ya mia tatu, na Ushirombo walikuwa na wale thelathini wao. Nyahanga walibebana mabegani. Ilimchukua Kamili muda mrefu kuwaeleza.

Asubuhi yake wachungaji waliokuwa wanapeleka ng'ombe mnadani walikuta vivuli vya watu uwanjani, upande wa mashariki, pale palipochezwa ngoma. Vilikuwa sitini na vitatu, na vilikuwa vinacheza. Hapakuwa na sauti wala vumbi. Jua lilipopanda vikafupika, na mchana ulipogeuka vikarefuka tena, kama kivuli chochote. Wenyewe walikuwa mjini wanakunywa uji, na walipotoka juani hapakuwa na kitu chini ya miguu yao.

Vivuli viwili vingine vilikuwa vimesimama katikati ya uwanja, vimegeuza migongo. Golini hapakuwa na kivuli. Bujiku alikuwa ameondoka nacho siku ile ile.

Kabla wiki haijaisha watu walikuwa wamezoea. Uwanja ule haukuwa na mti, kwa hiyo mbuzi walijifunza kulala pale penye ngoma saa sita za mchana. Wanawake wanaouza viazi na karanga wakahamishia vikapu vyao huko.

"Mimi nimekaa kwa Shaaban lakini hakufai," alisema Mama Chiku, muuza karanga. "Hatulii. Ukipata kivuli kidogo, kimekwenda."

"Njoo kwa mume wangu," akamjibu jirani yake. "Miaka kumi na tisa sijamwona akinyanyua mguu. Leo ndiyo namjua."

Wanaume hawakupita huko. Aliyekuwa na shughuli mnadani alizunguka nyuma ya banda la ngozi, njia ndefu, yenye harufu mbaya. Wake zao hawakuwauliza kwa nini.

Jioni walikaa kwenye baraza la Zamoyoni na kuzungumza juu ya mechi. Ngassa, muuza kahawa, aliwamiminia. Yeye siku ile alikuwa ameshika dele la moto na hakuweza kucheza.

"Bao la kwanza lilikuwa la kudaka," alisema Shaaban. "Hata bibi yangu angedaka."

"Aliruka kushoto," alisema Sabiti. "Kipa gani anaruka kushoto?"

"Mpira ulikwenda kushoto," alisema Ngassa.

"Wewe mimina kahawa."

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza Shaaban. Wote walijua. Bujiku alizaliwa na hamali Mwislamu wa Tabora, na baba huyo alipofariki, mama yake Paskazia alirudi kwa ndugu zake Ushirombo. "Nauliza tu. Usiku wa kuamkia mechi Ushirombo walilala hapa, na kipa wetu alikula wapi?"

"Kwa mama yake," akajibu mmoja wao. "Alikuja nao."

"Alikula nini?"

"Viazi na maharage."

"Viazi vya padri hivyo!" Shaaban akapiga paja. "Ukivila, mikono inafunga sala yenyewe. Utadakaje?"

Wakacheka. Kicheko kikaisha mapema kidogo kuliko kawaida. Jua lilikuwa linaingia chini ya paa la baraza, likapita katikati ya watu kumi na wawili kana kwamba hawapo, na ukutani kukawa na kivuli cha mtu mmoja na dele lake. Kila mtu alitazama kikombe chake. Zamoyoni akasema kwamba kahawa ya leo ni nyepesi.

Siku ya tano walikuwa hawasemi tena kwamba Bujiku alidaka vibaya. Walisema aliuza mechi.

Bujiku alikuwa na miaka ishirini na minne. Kazi yake ilikuwa kuwamba ngozi za ng'ombe kwenye banda lililo karibu na msikiti, na alikuwa amemposa Mwanne, binti wa Zamoyoni. Mahari ilikuwa imetolewa, na ndoa ilikuwa ifungwe baada ya Maulidi. Zamoyoni alimwambia mbele ya watu kwamba binti yake haendi kwa mtu aliyeuza mechi. Bujiku hakubishana. Alitaka kitu kimoja tu: Zamoyoni aseme barazani, kwa sauti ile ile, kwamba hakuiuza.

Sabiti naye alikuwa na shida yake. Tangu alipofundishwa Tabora, wakati wa alasiri aliujua kwa kupima kivuli chake mwenyewe kwa nyayo uani kwa msikiti. Sasa hakuwa na cha kupima. Siku ya kwanza aliadhini mapema, siku ya pili akachelewa, na wazee wakanung'unika.

"Simika mti," Ngassa alimshauri.

"Mti hauna nyayo," alisema Sabiti. "Nitapimia nini, mizizi?"

Wanaume wazima waliobaki na vivuli walikuwa wachache, na wengi wao mchana walikuwa machungani. Mwenye kivuli aliyekuwa karibu ni Bujiku. Kwa hiyo kila siku baada ya adhuhuri Sabiti alimwita kutoka kwenye ngozi zake, akamsimamisha uani, akachukua kijiti akaweka alama pale kivuli kilipoishia, kisha akamwambia apime kwa miguu yake mwenyewe. Zikitimia nyayo alizofundishwa, Sabiti aliadhini. Wanaume wakaja, wakatawadha, wakaswali kwa wakati. Bujiku aliswali safu ya nyuma. Kushoto kwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na kulia vile vile, ingawa imamu alisema kila siku kwamba safu ijazwe. Baada ya swala walikwenda barazani kumjadili.

Siku ya kumi na tisa Mwanne alimwomba baba yake amsindikize mnadani kununua kuku. Alimpitisha uwanjani. Zamoyoni aliona njia inakoelekea lakini hakugeuka, kwa sababu wanawake walikuwa wanamtazama.

"Shikamoo, baba Mwanne," alisema Mama Chiku.

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Leo tumekaa kwako. Wewe una nafasi, umefungua kanzu."

Zamoyoni alijitazama akicheza. Kivuli chake kilikuwa kimeshika kanzu kwa mkono mmoja na kilikuwa kinachechemea goti la kushoto, kama yeye. Mbuzi wawili walikuwa wamelala ndani yake.

"Lile goti ni lako, baba," alisema Mwanne.

"Ni langu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Unadhani mtu hajui alipokuwa?"

"Basi kaseme barazani. Sema tu: nilikuwa nacheza. Haina maneno mengi."

Zamoyoni alichutama kama anayechagua viazi, ili wasisikike. "Nikisema mimi, Shaaban itabidi aseme. Akisema Shaaban, Sabiti aseme. Watu sitini na watatu, mwanangu, na wale wawili wa katikati. Kesho nani atamwamkia nani? Nani atamkopesha nani chumvi? Hivi sasa aibu iko kwa mtu mmoja, tena kijana. Kijana ana mgongo."

"Na mimi?"

"Wewe utaolewa. Wanaume hawajaisha."

"Mimi nilikuwa nimesimama pale nyuma ya goli," alisema Mwanne. "Niliona mikono yake inatoka damu. Nyie mlikuwa mnaimba."

"Najua," alisema Zamoyoni. Alinunua viazi ambavyo hakuvihitaji, akarudi nyumbani kwa njia ya banda la ngozi. Bujiku alikuwa pale, anapigilia vigingi kwenye ngozi mbichi. Alisimama, akaweka nyundo chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Zamoyoni. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa, akapita.

Jioni ile barazani Ngassa alimiminia watu wote, kisha akasema: "Mzee Zamoyoni leo ulikuwa uwanjani. Tupe habari."

Shaaban akainua uso, akamtazama Zamoyoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba. Sabiti akahesabu shanga za tasbihi bila kusoma. Zamoyoni alikunywa kahawa mpaka akafika kwenye machicha.

"Viazi vimepanda bei," alisema. Kisha akasema: "Yule kijana nimemkatalia. Neno langu halibadiliki."

"Umefanya vizuri," alisema Shaaban, lakini taratibu, na hakupiga paja.

Bujiku alipata habari hiyo kesho yake asubuhi. Mchana Sabiti alimwita, naye akaja, akasimama uani. Sabiti akaweka kijiti. Bujiku akapima, unyayo mmoja mmoja, akafika.

"Mwanangu," alisema Sabiti. "Mimi ni mtu wa msikiti. Mambo ya mpira siyajui."

"Wakati umefika?"

"Umefika."

"Basi adhini."

Sabiti akaadhini, na siku hiyo sauti yake ilikatika katikati, akaanza upya. Bujiku akaswali safu ya nyuma, akatoa salamu kulia na kushoto penye nafasi, akachukua viatu vyake. Kabla ya magharibi alikuwa njiani kwenda Geita pamoja na vijana waliokuwa wanatafuta kazi ya machimboni. Mwanne alisimama mlangoni kwa baba yake mpaka hawakuonekana tena. Katika kundi lile lote jua lilimwekea kila mmoja kivuli chake.

Wakati wa masika nyasi ziliota uwanjani, na chini ya ngoma zikaota hafifu kwa kukosa jua. Nyahanga walipata kipa mwingine. Wachezaji wapya walizoea kucheza katikati ya wale wawili waliogeuza migongo, na mpira ukipita juu yao hakuna aliyesema kitu. Uani kwa msikiti sasa husimama Ngassa, ambaye ni mfupi na ana miguu mikubwa, na alasiri ya Nyahanga huwahi kidogo. Barazani bado wanasema kwamba bao la kwanza lilikuwa la kudaka.

Paskazia alikuja kutoka Ushirombo mwezi wa nne kuchukua mahari ya mwanawe. Zamoyoni alimkaribisha mkekani, akampa maziwa, akamwambia, "Mama Bujiku, pole na safari." Paskazia alijibu kwamba amekwisha kupoa na angependa kuondoka kabla ya jua kali. Alisema Bujiku aliingia shimoni Geita mwezi wa kumi, na mwezi wa pili mwamba ulimwangukia mikono yote miwili. Wa kushoto ulikatwa. Wa kulia upo, lakini vidole viwili tu ndivyo vinavyokunjika.

Mwanne alikuwa ameshaolewa Nzega na mtu mwenye wake wawili.

Ng'ombe wa mahari walikuwa tisa. Zizini walitolewa wanane. Paskazia akawahesabu mara mbili, akauliza wa tisa yuko wapi. Zamoyoni akamwambia ukweli, maana huo haukuwa na watu sitini na watatu ndani yake. Wa tisa alichinjwa siku ya mechi kwa karamu ya ushindi, zikiwa zimebaki dakika nane, na nyama ikaliwa na kila mtu wa timu isipokuwa kipa.