Ukuta Usioonekana Karatasini

Injinia Allen hakosei. Alituambia mwenyewe, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kuchunguza. Ramani yake ya ghala la viungo la akina mama wa Matombo ilikuwa imerudishwa na halmashauri mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa la halmashauri.

"Hawajui kusoma ramani wale," alisema asubuhi hiyo, akitupa flashi mezani kwangu bila salamu. Watu wenye shughuli nyingi salamu huwachelewesha. "Toa nakala tatu, kubwa, kama zile za mwanzo."

Nyuma yake aliingia Mama Paskalia, mwenyekiti wa kikundi, amezifunga ramani zilizokataliwa ndani ya kitenge. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye ukingo wa benchi. Kamati ya vibali ilikuwa inakutana saa nane mchana. Ikikataa mara ya tatu, barua ilishasema wazi: msingi waliokwisha kuujenga ubomolewe. Mawe ya msingi ule waliyabeba kichwani wenyewe, kutoka mtoni.

Mimi ni Shamimu, niko duka la kuchapa ramani karibu na stendi ya Msamvu. Elimu yangu ni darasa la saba, na niliajiriwa kufagia na kubadilisha karatasi. Lakini Abel aliyekuwa akiendesha mashine alikuwa mpole na mvivu, na kwa miaka miwili nilisimama nyuma ya kiti chake nikimtazama. Alipohamia Dodoma, bosi akagundua kwamba kazi naijua. Cheo bado ni cha ufagio.

Nikafungua ramani. Kwenye skrini nyeusi ilipendeza kama duka la kanga: kuta nyekundu, milango ya bluu, na mstari wa njano uking'aa kando ya ghala. Ila injinia alikuwa ameleta ramani bila faili la mtindo wa kuchapa, lile jedwali linaloiambia mashine rangi hii itoke nyeusi na nene, ile itoke nyembamba. Faili limebaki kwenye laptopu yake nyumbani. Bila hilo mashine huchapa kila rangi kama ilivyo, na plota yetu, ile mashine ya kuchapa karatasi kubwa, ina wino mweusi peke yake. Nyekundu hutoka kijivu. Njano hutoka kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha chai.

"Injinia, mtindo wa kuchapa hukuuleta," nikasema.

"Dada, wewe bonyeza tu."

"Zile za mwanzo ulichapiwa na nani?"

"Hapahapa. Yule Emmanuel wa zamu ya jioni."

"Na hakukuambia?"

"Aliniheshimu."

Nikamgeukia Mama Paskalia. "Mama, halmashauri walikataa kwa sababu gani?"

"Wanasema tumejenga kwenye mteremko bila ukuta wa kuzuia udongo."

"Ukuta upo!" injinia akadakia. "Nimeuchora mwenyewe."

"Basi nionyeshe, mwanangu." Mama akaitandaza mezani ile karatasi iliyokataliwa.

Injinia akainama. Akavaa miwani. Akavua miwani. Mwishowe akaweka kidole mahali peupe pe. "Hapa."

"Hapa pana nini?"

"Ukuta."

"Mimi naona karatasi."

"Ukichunguza vizuri, mama…"

Kwa mara ya kwanza maishani nikaihurumia halmashauri.

"Msijali, nitawaeleza kwa mdomo," akasema.

"Hata mara ya pili uliwaeleza kwa mdomo," mama akamjibu, kisha akanitazama. "Binti, unaweza kuutoa huo ukuta uonekane?"

"Naweza, mama. Dakika kumi."

"Huyu?" Injinia akacheka. "Kwani umesoma wapi, wewe?"

"Shule ya msingi, injinia. Rangi tulifundishwa darasa la kwanza."

Nikatengeneza jedwali upya. Rangi zote nikaamuru zitoke nyeusi. Nyekundu ya kuta, unene nusu milimita. Bluu ya milango, robo. Mistari ya vipimo nikaifanya myembamba kabisa, isigombane na kuta. Njano, ule ukuta wa kuzuia udongo, nikaipa unene kupita zote, na sifichi, nilikusudia. Injinia alikuwa nyuma yangu muda wote akinishauri. Kila nilipomaliza kufanya jambo, alinishauri nilifanye.

Karatasi ikateremka taratibu kutoka kwenye plota. Ukuta huo, mweusi, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe.

"Si nilisema?" injinia akatamba.

Mama hakushangilia. Aliigeuza karatasi, akaigeuza tena, akaufuata mstari mmoja kwa kidole.

"Hii ndiyo njia ya mtoni?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo huku ni chini."

"Ndiyo."

"Na ukuta umeuweka huku chini." Akamtazama. "Allen mwanangu, udongo wa kwetu unatoka juu kwenda chini. Sijui wa huko chuoni kwenu."

Injinia akavaa miwani tena.

"Kwani pale kiwanjani ulifika?" mama akauliza.

"Matombo nilifika."

"Nimeuliza kiwanjani."

"Barabara ilikuwa na tope, mama. Nikatumia picha za satelaiti."

Nikampisha injinia kiti. Alikaa masikio yamemwiva, akapiga hesabu upya, akauhamishia ukuta upande wa mlima na kuongeza mfereji wa maji nyuma yake. Mama alisimama karibu akimwonyesha mahali udongo ulipoporomoka masika iliyopita. Safari hii hakuna aliyesema "bonyeza tu." Saa saba na nusu wakapanda bajaji na nakala tatu, wino haujakauka sawasawa.

Saa kumi simu ikaita.

"Wamegonga muhuri, binti," Mama Paskalia akasema, anahema kama ametoka kupanda kilima. "Msingi unabaki. Mwenyekiti wa kamati amesifu, anasema ramani inasomeka hata bila miwani. Akauliza nani ameiandaa."

"Ukasema nini, mama?"

"Nifungue mdomo saa ngapi? Allen alishasimama."

Nikamwambia asimlaumu, kuchora kweli alichora. Tena ukuta mmoja, mara mbili.