Taka za Mzee Kusunoki

Hatsumi Torigoe alikuwa akiwafukuza kunguru kwa ufagio pale kwenye kizimba cha taka alipomwona mwenyekiti wa chama cha mtaa, Bwana Iwasa, anapanda ngazi na mfuko wa taka mkononi. Asubuhi watu hushuka na taka, hawapandi nazo. Hatsumi akajua mara moja ni za nani.

"Za Mzee Kusunoki hizo?"

"Si amejitoa chamani? Namrudishia," alisema Iwasa bila kusimama. "Hata mimi sipendi, balozi. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Balozi ndiye yeye Hatsumi. Katika mtaa ule wa mlimani, juu ya bandari, kila kundi la nyumba lina balozi wake, na cheo chenyewe hakigombewi; kinazunguka mlango kwa mlango. Mwaka huu kilimwangukia yeye, mjane anayekaanga samaki kwenye duka la vyakula vya kufungasha. Alikipokea akinung'unika, na sasa, cha ajabu, amekipenda. Anapenda kuona ngazi zimefagiwa. Anapenda kusimamishwa njiani na kuulizwa taa ya kona itatengenezwa lini.

Mzee Kusunoki hakujitoa kwa ubishi. Magoti ndiyo yalimgomea. Kila nyumba ina wiki yake ya kuosha kizimba na kukunja wavu wa kuzuia kunguru, na wiki yake ilipofika hakuweza kuinama, jirani akamfanyia. Zamu nyingine ilipokaribia akaona bora atoke kuliko kuwabebesha wenzake. Lakini lori la manispaa haliwezi kupanda kule juu, kizimba ni cha chama, na asiye mwanachama hana pa kuweka taka. Tangu mvua za Juni mzee alikuwa akilala nazo ndani. Leo alijaribu kuzishusha kimyakimya, na hata hapo hazikufika mbali.

Mchana Hatsumi alivua aproni, akaenda ofisi ya kata. Kijana wa dirishani alimsikiliza kwa adabu zote.

"Pole sana, mama. Lori ni letu, ila kizimba ni cha chama. Hilo mngezungumza na chama."

"Chama kinasema nizungumze na nyinyi."

"Ndiyo," alisema kijana, kwa furaha ya mtu aliyeeleweka.

"Kwa hiyo mzee wa watu aendelee kulala na vichwa vya samaki?"

"Chama ni cha hiari, mama. Hatuwezi kukiingilia." Akainamisha kichwa mpaka nywele zikagusa meza.

Hatsumi alirudi kazini akiwa na hasira ya kumtosha mpaka jioni, na jioni akaipeleka nyumbani kwa mzee, ngazi chache tu juu ya kizimba. Kusunoki alikuwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Alimpa chai palepale mlangoni, akauegemeza mlango nyuma yake ili harufu isitoke. Ilitoka.

"Mzee wangu, rudi tu chamani," Hatsumi alisema. "Zamu yako nitafanya mimi."

Uso wa mzee ukakunjamana.

"Nimeendesha winchi bandarini maisha yangu yote, mwanangu. Sijabebwa na mtu. Kunywa chai, itapoa."

Hatsumi aliona ameharibu. Akakaa kwenye ngazi, akanywa chai, na kwa kuwa hakuwa na ujanja mwingine akasema ukweli.

"Basi nisaidie mimi. Kila siku ya taka nafokewa kazini. Nikiondoka kabla ya lori, wale kunguru wanafunua wavu, wanamwaga kila kitu, nikirudi jioni naokota maganda. Nikibaki, nachelewa. Nataka mtu wa kukaa pale mpaka lori lije."

"Kukaa?"

"Kukaa. Na fimbo."

"Hiyo nayo ni zamu?"

"Balozi si mimi? Nikisema ni zamu, ni zamu."

Mzee alimkazia macho, akitafuta huruma imefichwa wapi.

"Wale kunguru," alisema mwishowe, "wameniudhi siku nyingi."

Siku ya taka iliyofuata alikuwa kwenye benchi kando ya kizimba, kofia ya kazi kichwani, kitambaa cha chama kimefungwa mkononi, fimbo ya henzerani mapajani. Majirani walishuka, wakamsalimia, wakapanga mifuko yao vizuri kuliko kawaida. Mfuko wa mzee ulikuwa chini kabisa. Hatsumi alipaswa kuwa ameshaondoka, lakini raha ilimshika miguu.

Iwasa akaja na mfuko wake, akasimama.

"Balozi, zamu hii haimo kwenye kanuni."

"Sasa imo."

"Tukianza hivyo, kesho kila mtu—"

Mlango ukafunguka juu yao, kwenye nyumba ambayo madirisha yake hayakuwa yamefunguliwa kwa muda mrefu, mpaka wahamiaji wapya walidhani haina mtu. Mama Hirose, fundi cherehani wa zamani, akashuka ubavuubavu, ameng'ang'ania chuma cha ngazi. Alijitoa chamani kabla hata ya Kusunoki. Alifika akihema.

"Nasikia siku hizi kuna kazi ya kukaa."

"Ipo," alisema Mzee Kusunoki, akasogea.

"Mgongo hauinami. Ila kukaa naweza." Akamtupia Iwasa jicho, akaona haya. "Nina mifuko ndani."

"Mingi, mama?" Hatsumi aliuliza taratibu.

"Chumba chote cha nyuma. Mimi nalala jikoni."

Muziki ambao lori la taka hupiga likija ulianza kusikika bondeni. Iwasa, ambaye kwa mkono wake mwenyewe aliliondoa jina la mama huyu kwenye ubao wa zamu, aliweka mfuko wake chini, akavua koti, akaanza kupanda ngazi bila kumtazama mtu.

Hatsumi akamfuata. Kazini atafokewa, na afokewe.