Seli Zilizoachia Baada ya Chakula cha Mchana

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Jumatatu ile nilimpa profesa wetu vidonge vyake mbele ya watu, nikavua koti langu jeupe, nikatoka maabara nikiubamiza mlango mpaka vioo vikatetemeka. Kisa kilikuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu anashona nguo kwenye karakana ya mama yetu. Tangu utotoni tunamwita Kesho, maana ukimpa kazi yoyote mchana, jibu lake ni hilo. Asubuhi anashona, hakuna wa kumfikia. Ikifika saa nane unamkuta kalaza kichwa juu ya cherehani, gauni la mteja limeishia kiunoni. Mama amemfokea kwa hilo miaka kumi na mitano, nami nimemcheka miaka hiyo hiyo, tena kwa sauti. Mwaka jana akazimia akipanda ngazi. Daktari wa moyo alimpima, akakuta herufi moja imebadilika katika jeni inayotengeneza protini iitwayo vinkulini.

"Imebadilika, ni kweli," daktari alituambia. "Ila hakuna anayejua kama ina madhara. Wako watu wana mabadiliko kama hayo na wanazeeka salama."

Baba yetu hakuzeeka. Alianguka akiwa na miaka arobaini na moja, ameinama anafunga kamba za viatu. Ndiyo maana tulitaka Kesho awekewe kile kifaa kidogo cha kifuani kinachoushtua moyo unapokwenda mrama. Jopo la madaktari lilikuwa likutane Alhamisi. Bila ushahidi kwamba herufi ile ni mbaya, jina lake lingetolewa kwenye orodha.

Na ushahidi wenyewe ulitakiwa utoke kwetu. Mimi ni fundi wa maabara, na kazi yetu ni kuangalia jinsi seli zinavyoshika. Seli ya moyo haikai tu hivi hivi. Imeshikana na jirani zake na kitu kilicho chini yake, na kila moyo ukidunda inavutwa. Pale panapovutwa ndipo vinkulini inapokimbilia, inajikunjua na kukaza mshiko. Ukizidi kuvuta, nayo inazidi kushika. Ni protini mbishi, labda ndiyo maana naipenda.

Tulikuwa tumechukua damu ya Kesho, tukazigeuza seli zake kuwa za moyo na kuziotesha, na pembeni tukaotesha za mtu mwingine mzima asiyetuhusu. Kwa kuwa Kesho ni ndugu yangu, profesa aliweka sharti: visahani vipewe namba, daftari la namba alifungie yeye, na picha azihesabu Lenzi, mtu wetu wa hadubini. Visahani vyenyewe chini vina mpira laini. Tunavipanga kwenye mashine, inavivuta na kuviachia mara sitini kwa dakika, dakika kumi kamili, kisha tunapiga picha. Dakika kumi ni sheria ya profesa tangu sijaajiriwa. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini kumi.

Tulishafanya hivyo mara sita. Seli zote zilishika, hakuna tofauti. Jumatatu, nikiwa nimewasha mashine kwa mara ya saba, profesa akasema, "Nafikiri tuwaandikie jopo kwamba hatukuona kitu."

"Huoni kitu kwa sababu hutaki kuona!" nilimwambia. Na mengine ambayo sitayarudia hapa.

Nikaenda zangu kukaa kwenye benchi nyuma ya jengo. Nikala, nikanuna, nikalia kidogo, nikanuna tena. Hasira zilipopoa nilikuwa nimeshakaa huko saa tatu nzima. Nikarudi kichwa chini, nikafungua mlango polepole safari hii, na kitu cha kwanza nilichosikia ni mashine. Ilikuwa bado inavuta, na chumbani hamna mtu.

Mungu wangu! Mimi, ninayewagombeza wenzangu wakisahau kufunika chupa, nimeacha seli za mdogo wangu zikivutwa saa tatu badala ya dakika kumi! Nilizima mashine, nikaweka kisahani namba nne chini ya hadubini. Seli zilikuwa zimetandaa vizuri, hazina habari. Nikaweka namba saba. Nusu ya sahani ilikuwa tupu. Seli nyingine zimejikunyata, nyingine zinaelea juu.

Nikaona nimeharibu. Profesa angenitimua, tena kwa haki. Mkono ulishafika kwenye ndoo ya taka Lenzi alipoingia.

"Unatupa nini wewe?"

"Takataka. Nimesahau kuzima."

"Hebu lete." Lenzi ni mtu wa maneno machache, ukimsukuma ndiyo anaongea. Alitazama namba saba, akatazama namba nne, akarudia namba saba. "Zilikuwa kwenye mashine moja?"

"Moja."

"Muda mmoja?"

"Lenzi, nimekwambia nimesahau, usinihoji kama polisi!"

"Basi kwa nini imeachia moja tu?"

Nikainama tena kwenye hadubini, nikamkumbuka Kesho. Asubuhi anashona, hakuna wa kumfikia. Ikifika saa nane amekwisha. Hospitali walimpima asubuhi, dakika chache, wakamwambia moyo wako haujambo. Na sisi je? Dakika kumi! Kila mtu alimtazama mdogo wangu kabla hajachoka, kisha akaandika kwamba hachoki.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, ila watu wa chumba cha pili walikuja wakidhani kuna moto. Profesa naye akaja. Nilimweleza yote, kusahau kwangu pamoja na ndoo ya taka, huku nimemshika mkono wa koti. Hakunigombeza. Alikwenda ofisini, akafungua kabati, akarudi na daftari. Kama namba saba ni ya yule mgeni, basi tumekwisha.

"Namba saba," alisema, akavua miwani. "Ni ya mdogo wako. Nne ni ya yule mwingine."

Nikaruka. Haki ya nani, niliruka kama mtoto.

"Tulia," akasema, akilifunga daftari. "Mara moja si ushahidi. Turudie, na visahani vingi. Na tuzipe seli zake vinkulini nzima, tuone kama zitashika. Zikishika, hakuna atakayebisha." Kisha akaongeza, kwa shida, "Na hiyo sheria ya dakika kumi ilikuwa ya uvivu wangu. Mashine ya kwanza ilikuwa inachemka ikizidi hapo."

Jioni ile ile tuliingiza jeni nzima kwenye sehemu ya seli za Kesho. Jumatano asubuhi tukavipanga visahani kumi na viwili, profesa akabadilisha namba zote, tukawasha. Saa tatu! Niliketi mbele ya mashine nikiitazama inavyovuta na kuachia. Lenzi aliniambia nikitazama zaidi ya hapo nitaiangusha, nikamwambia afyate ulimi.

Tulipozima, Lenzi alipiga picha na kuhesabu peke yake. Mimi na profesa tulisimama nje ya mlango kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Alitoka na karatasi, profesa akailinganisha na daftari, akatusomea. Katika kila seli mia moja za yule mgeni, tisini na moja zilishika. Za Kesho, thelathini na nane. Za Kesho zilizopewa vinkulini nzima, themanini na saba.

Themanini na saba! Profesa, mtu mzima na mvi zake, alinikumbatia mimi niliyemtukana juzi. Lenzi akacheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia miaka minne.

Alhamisi profesa alikwenda kwenye jopo mwenyewe. Saa sita daktari wa moyo alinipigia: wamekubali, Kesho atawekewa kifaa wiki ijayo, na ataanza dawa leo. Nikampigia mdogo wangu nikiwa nahema. Nilimweleza kila kitu, seli, mpira, saa tatu, kwamba zake zinashika vizuri mwanzoni, kisha zikivutwa sana zinaachia, na si kosa lake wala hajawahi kuwa na kosa.

Nilisikia cherehani za wenzake zikilia nyuma yake.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nimekucheka miaka yote hii."

"Nilikuwa najitahidi, dada," akasema. "Kila siku nilikuwa najitahidi." Akavuta pumzi. "Mwambie mama. Mwambie wewe, mimi hataniamini."

Nikamwomba ampe simu. Mama akaipokea na harara zake, akitaka kujua ni mazungumzo gani hayo marefu saa za kazi.

"Mama, kaa kitako," nikasema. "Mwanao hakuwa mvivu hata siku moja."