Kuku wa Delia

Kati ya Attracta Hynes na jirani yake Colman Nestor, katika kijiji kimoja cha Clare, Ireland, hapakuwa na ugomvi wa mpaka wala wa ng'ombe. Ugomvi ulikuwa jigi moja, muziki wa kasi wa Kiayalandi wa kuchezea ngoma. Marehemu Delia, mama yake Attracta, aliipiga jikoni kwa kodiani yake ndogo, na sasa ilikuwa mbioni kuingia kitabuni kwa jina la Nestor.

Mwenye kitabu alikuwa Sadhbh, binti wa Dublin, anayewinda nyimbo kama paka awindavyo panya. Jigi hiyo aliifukuzia kwenye santuri za Boston, kanda za redio, hata nota zilizoandikwa na padri mmoja wa zamani. Kote ilikuwa ile ile. Kijijini kwa Attracta na Colman tu ndiko ilikokata pumzi katikati ya sehemu ya pili, ikarudi nyuma kidogo, ndipo ikaendelea na safari.

Colman, mpiga filimbi, akiwa mezani kwa Attracta pamoja na Sadhbh, alidai pumzi ile ni urithi wa ukoo. Baba yake, Pakie, aliikata hivyo, na wajukuu wanashindia medali mashindanoni. Kuhusu Delia, alisema huku akipaka siagi ya Attracta kwenye mkate wa Attracta, yule mama alikuwa fundi wa kuoka.

Attracta alilimeza neno hilo, lakini halikushuka. Akainuka, akapapasa nyuma ya kabati la vyombo, akatoka na kanda yenye vumbi. Mama yake alikuwa amemkataza kuicheza maadamu Pakie yu hai. Sababu hakusema, alicheka tu. Pakie sasa alikuwa kaburini, mvua ikimnyeshea.

Sadhbh akaiingiza kanda kwenye mashine. Kodiani ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Sehemu ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanza. Ikafika pale pale, ikanyamaza.

"Shuu! Toka mezani, mwana haramu wewe," ikasema sauti ya Delia. Mabawa yakapiga, sahani ikavunjika, kuku akalalamika hadi mlangoni. Kisha jigi ikarudi nyuma kidogo, ikaendelea na safari.

Ilipokwisha, mlango ukafunguliwa, sauti ya mwanamume ikakohoa. Colman akaacha kutafuna. Kikohozi cha baba yake angekitambua hata sokoni.

"Delia dada yangu," alisema Pakie kandani, "nimekusikia kutoka barabarani. Hapo ulipokata pumzi ndipo penye utamu. Nifundishe."

Delia akajibu kwa sauti ya mtu anayejiuma mdomo asicheke. "Pashike vizuri, Pakie. Wengi hawapawezi."

Attracta alilazimika kushika meza. Sadhbh alikuwa amejifunika uso kwa karatasi za nota, mabega yanatikisika. Colman akawatazama, akatazama mkate wake, kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni mpaka chai ikamtokea puani.

"Miaka yote hii, Attracta," alisema alipopata hewa, "ukoo mzima tunafukuza kuku wenu."

Sadhbh akauliza kama aifute ile pumzi. Colman akakataa katakata, medali hazirudishwi. Lakini jina, akasema, andika la mwenye kuku.

Jumapili walipoipiga kwenye baa, Jigi ya Delia Hynes ilifika kwenye pumzi yake, na watu wote, pamoja na padri, wakasema, "Shuu! Toka!" Filimbi ya Colman ndiyo iliyochelewa kurudi. Alikuwa anachekea ndani ya filimbi.