Magunia ya Uzi wa Buluu

Magunia ya mchele ya Tonton Zacharie niliyahesabu mara mbili siku moja, na mara ya pili nilijua ninachofanya.

Ilikuwa Februari 1974. Nilikuwa karani wa mikopo katika benki moja ya Kisangani. Tonton, mdogo wake mama, alikuwa amegawiwa na serikali duka la Mgiriki aliyefukuzwa, na sasa aliomba mkopo wa miezi mitatu akanunue vitambaa Kinshasa. Barua ya chama tawala, ya kumpendekeza, ilifika kabla ya faili lenyewe.

"Citoyenne Delphine, nenda ukaone dhamana," mkurugenzi aliniambia, maana siku hizo sote tuliitwa wananchi, kwa Kifaransa. "Ameandika magunia mia na ishirini." Hakuuliza kama Tonton amewahi kuuza hata kiberiti. Mimi pia sikuuliza. Ndiye aliyenilipia shule.

Asubuhi, katika ghala lake la Makiso, nilihesabu magunia sitini, midomo imeshonwa kwa uzi wa buluu. Sitini mengine, Tonton alisema, yalikuwa katika ghala lake la Lubunga, ng'ambo ya mto.

"Kula kwanza, mutoto ya dada yangu," Tonton alisema. "Mto iko pale pale, haitakimbia."

Nilikula pondu, majani ya muhogo, na samaki. Ikaja chai, zikaja ndizi. Tulivuka saa tatu nzima baadaye. Kule nilikuta magunia sitini, uzi wa buluu, na chini yamelowa maji ya mtumbwi. Juu ya moja alikaa Mama Pélagie, mfanyabiashara wa Yanonge.

"Tonton yako ametuvushia mchele leo, amesema huku kukavu zaidi, tungojee boti ya Kinshasa," aliniambia. "Unahesabu? Bon, hesabu muzuri. Ni jasho ya wamama kumi na wawili."

Tonton alitazama mto. Mimi niliandika mia na ishirini, mali ya mwombaji, nikatia sahihi.

Mwezi wa tano ukaingia. Boti ilikuwa bado imelala bandarini bila mafuta. Tonton hakuwa amerudi kutoka Kinshasa, wala hakuandika. Benki ikafunga ghala la Lubunga kwa lakiri na kutangaza mnada.

Mama Pélagie alikuja benki akiwa bado na matope ya mto miguuni. "Mchele ni wetu, citoyen directeur."

"Karatasi yako iko wapi?"

"Karatasi gani? Muulize huyu mutoto. Alinikuta nimekaa juu yake. Aliyahesabu." Akanigeukia akitabasamu, kama mtu aliyemwona ndugu yake katika umati. "Sema, Delphine."

Mkurugenzi alifungua faili. "Hapa kuna magunia mia na ishirini. Ghalani tumekuta sitini. Sitini mengine yako wapi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Ningesema Tonton aliyauza. Kazi yangu ingebaki, na mama kumi na wawili wangerudi Yanonge mikono mitupu.

"Hakuna mengine," nilisema. "Ni haya haya. Yalivushwa nilipokuwa ninakula. Na ni ya Mama Pélagie, aliniambia siku ile ile."

"Kwa hiyo ulijua?" Si mkurugenzi aliyeuliza. Ni Mama Pélagie.

"Nilijua, mama."

Kabla ya saa sita sikuwa na kazi. Kesho yake lakiri ilivunjwa. Nilivuka kwenda kusaidia kubeba; Mama Pélagie hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Alikata uzi wa buluu wa gunia la kwanza, akatia mkono mpaka kwapani. Juu mchele ulikuwa mweupe. Alipotoa mkono, kiganja chake kilishika donge jeusi lililonuka ukungu.

"Maji haya yameingiaje?" aliuliza, akilitazama donge.

Nilimweleza polepole habari ya mtumbwi, kwamba magunia yalilowa siku ile ile, na kwamba niliyaona yamelowa nikaandika tu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi wa gunia la pili.