Timu Mbili za Kombora

Fundi wa makochi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao hauna dawa: hakuweza kumwambia mtu hapana. Mteja akimletea vitambaa viwili amsaidie kuchagua, fundi alivipapasa vyote, akavisifu vyote, na mteja akaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Mkewe alikwisha kuzoea. "Huyu hata nzi akitaka kutua kwenye chai yake, atamsogezea kikombe," alikuwa akisema mbele ya wageni. Wageni walicheka, na fundi akacheka nao.

Basi binti yao wa miaka kumi na miwili alipogombaniwa na timu mbili za besiboli, mtu wa kuamua akawa huyo huyo.

Binti alikuwa mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mwenye gongo. Mpira wake ulipita kabla mwenye gongo hajajua umetoka mkononi, ndiyo maana wenzake walimbatiza jina Kombora. Kocha wa timu ya wadogo, mzee mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alitaka abaki kwake.

"Fundi, kipaji kimetangulia, mifupa iko nyuma," alisema. "Mwache mwaka mmoja zaidi na wa rika lake."

Timu ya wakubwa, vijana wa miaka kumi na tano, ilifundishwa na kaka wa mke wa fundi. Naye hakuwa na subira. "Shemeji, huko chini mtoto anapoteza muda wake bure. Hakuna anayeugusa mpira wake! Nipe mpwa wangu nikutolee mchezaji."

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililomnyima fundi raha. Siku tatu alishona huku akili iko kwingine, hata kiti kimoja akakivisha kitambaa ndani nje. Siku ya nne akaibuka na hekima yake: Kombora acheze kote kuwili. Jumamosi kwa Mwalimu, Jumatano kwa mjomba wake. Hakuna wa kununa. Siku hiyo fundi alitembea kifua mbele kama aliyepatanisha nchi mbili.

Lakini kila kocha alikuwa na daftari lake. Mrushaji wa umri ule haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira sabini katika mechi moja, na baada ya hapo mkono wake hupumzika wiki nzima. Kwa hiyo Mwalimu aliuliza, tena mapema tu, "Huko kwa wakubwa anarusha pia?"

Fundi aliona uso wa mzee umeanza kukunjamana. "Aa, wapi! Huko anasaidia kudaka tu, kule nyuma."

Shemeji yake alipouliza habari za Jumamosi, alipewa jibu lile lile kwa tabasamu lile lile. Fundi hakuona kwamba amedanganya. Kwake hilo lilikuwa kama sponji unayoweka juu ya ubao ili mtu akae vizuri. Maneno ya namna hiyo alikuwa ameyatoa maisha yake yote, na hakuna aliyekufa.

Miezi minne ikapita. Kombora akaanza kula kwa mkono wa kushoto. Mama yake alipouliza, alijibu kwamba anajizoeza, na fundi akamsifu kwa bidii yake. Sisemi alikuwa baba mbaya. Alikuwa baba aliyependa kusikia habari njema, na mtoto alilijua hilo.

Jumatano moja, katikati ya mechi, kiwiko kilitoa mlio uliosikika hadi kwenye benchi. Kombora akakaa chini pale pale, ameukumbatia mkono wake.

Hospitalini daktari aliwakusanya kwenye korido: baba, mama, mjomba, na Mwalimu aliyefika mbio na viatu vya ndani. Kano imekatika, alisema, na imeng'oa kipande cha mfupa. Atapasuliwa. Ataandika, atafua, atabeba mzigo. Kurusha, asahau. Kisha akauliza, "Alikuwa akirusha mipira mingapi kwa wiki?"

Makocha wote wawili wakatoa madaftari yao.

"Sabini kila Jumamosi," alisema Mwalimu. "Sijazidisha hata mmoja."

"Sabini kila Jumatano," alisema shemeji.

Wakatazamana. Halafu, polepole, wote wawili wakamgeukia fundi.

"Uliniambia anadaka," alisema Mwalimu.

"Hata mimi," alisema shemeji. Alilifunga daftari lake, akaondoka bila kuaga. Mwalimu alivua kofia, akatafuta benchi akaketi. Mke wa fundi alimpa mgongo, akamfuata daktari, na fundi aliona afadhali angepigiwa kelele mbele ya watu wote.

Aliingia peke yake kwa binti yake. Alikuta mkono umefungwa, umeinuliwa juu ya mto.

"Mwanangu, ulianza kuuma lini?"

"Zamani. Tangu mwezi wa pili wa kucheza kote kuwili."

"Mbona hukuniambia?"

Kombora aliutazama mkono wake. "Ningekuambia, ingebidi niache timu moja. Halafu ingebidi wewe umwambie Mjomba hapana, au Mwalimu. Nikaona hutaweza, Baba."

Hakusema kwa lawama. Alisema taratibu, kama mtu anayemsitiri mzazi wake aibu. Fundi alitafuta neno la kulainisha hilo, na kwa mara ya kwanza maishani hakulipata. Akainamisha kichwa ukingoni mwa kitanda, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Kombora akanyoosha mkono wa kushoto, akampigapiga mgongoni.

"Basi, Baba," alimwambia. "Hauumi sana."