Kutazama Kando

Mafundi wenzake walimwita Kimya, kwa kuwa angeweza kutengeneza geti zima, tangu kukata vyuma hadi kupaka rangi, bila kutoa neno. Mkewe hilo halikumsumbua. Alikuwa akiwaambia mashoga zake kuwa mume wake anaongea kwa macho, tena anaongea sana.

Karakanani alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa mizaha aliyemtafutia kibarua hicho. Walitengeneza masinki na meza za jikoni za chuma kisichoshika kutu. Ndipo tajiri wao aliponunua mashine ya kuchomelea kwa leza: sanduku lenye kimo cha friji ndogo, mpira mrefu, na mwishoni kitu cha kushika mkononi mfano wa bastola. Iliunganisha mabati upesi na mshono ukatoka laini, hauhitaji kusagwa. Shemeji akasema sasa wamekuwa mafundi cherehani, wabaki tu kupima watu suruali.

Mwanga wa mashine ile hauonekani. Aliyeileta aliwaeleza hivyo akarudia: mwanga huo ukigonga chuma kinachong'aa unadunda hadi machoni, na jicho haliwahi kufumba, kwa sababu halijui kuwa limepigwa. Aliacha miwani maalumu jozi moja, akasema wanunue nyingine na watenge chumba cha kuifanyia kazi. Tajiri akajibu kuwa kazi ianze, mengine yatafuata. Msaidizi atumie miwani nyeusi ya zamani. Mashine ilikuwa pia na kibanio: usipokibana kwenye chuma unachochomelea, haiwaki. Kiliwachelewesha, kwa hiyo shemeji alikibana kwenye mdomo wa mashine yenyewe, na tangu hapo ikawa inawaka hata hewani. Kimya alimwona. Akaendelea na kazi.

Asubuhi moja alikuwa amemshikia shemeji ubavu wa sinki, miwani ameipandisha kwenye paji la uso ili apime pembe. Mtu akaita mlangoni. Shemeji akageuka kumjibu, kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Kimya hakuona chochote. Alisikia kitu kikipasuka ndani ya kichwa, kidogo tu, kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Hakuumia. Lakini alipomtazama shemeji yake ili amwambie azime, aliona kofia, masikio na mabega, na mahali pa uso palikuwa na doa la kijivu.

Daktari wa macho alimweleza kuwa sehemu ya kusomea na kutambulia sura imeungua, macho yote mawili. Pembeni angeendelea kuona. Kimya aliuliza kama kuna miwani ya kusaidia. Daktari akasema hakuna, wala upasuaji, kisha akamshika bega.

Nje ya hospitali shemeji alilia mbele za watu. "Usimwambie dada," akamwomba. "Mimba yake imeshakuwa kubwa, asije akapata mshtuko. Akijifungua salama nitamwambia mwenyewe."

Kimya akakubali. Nyumbani alisema macho yameingia vumbi, amepewa dawa ya matone. Karakanani wakampa kazi ya kufagia na kubeba mizigo. Miwani ya wote ilinunuliwa wiki iliyofuata.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Mkunga alimweka mikononi mwake, akasema kafanana naye hadi kidevu. Kimya aliinamisha kichwa akakutana na doa lile lile, limezungukwa na kitambaa cheupe. Alikuwa ameanza kujifunza kuiba vitu kwa pembe ya jicho: akitaka kumwona mtoto alitazama mto, akapata kivuli cha uso, kama picha iliyolowa maji. Mkewe alipomsemesha, alitazama juu ya bega lake. Mwanzoni mke aligeuka kuangalia nani yuko nyuma. Baadaye akaacha kugeuka, akaacha na kumsemesha.

Shemeji alikuja kumwona mtoto mara nyingi. Kila mara alimnong'oneza Kimya kuwa atasema wiki ijayo.

Mchana mmoja Kimya alikuwa amempakata mwanawe, macho dirishani, mke akasimama mbele yake. "Mimi sawa, kama umepata mwingine nimeshachoka kuuliza. Lakini huyu mtoto amekukosea nini hata usimtazame?"

Kimya alifungua mdomo. Akaikumbuka ahadi. Akasema ni uchovu tu wa kazi. Mke akamchukua mtoto, akafunga nguo zao, akaenda kwa mama yake.

Kesho yake Kimya alimfuata shemeji karakanani, akamvuta nyuma ya magunia ya vyuma chakavu. "Nimekutunzia siri mpaka nyumba yangu imevunjika," alimwambia. "Nenda kaseme."

Shemeji akaenda. Inasemekana mama mkwe alikaa chini pale pale, na mke alimwuliza kaka yake swali moja tu: yeye mwenyewe alikuwa amevaa miwani? Akajibu ndiyo. Dada hajazungumza naye hadi leo.

Mke alirudi jioni ile ile, mtoto mgongoni. Hakuketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni kaka yako."

"Na mimi ni nani wako?"

Mke akaja akapiga magoti mbele yake, akauliza kama anamwona. Kimya aligeuza macho kwenye fremu ya mlango, na mkewe akajitokeza pembeni, hafifu, bila macho wala mdomo wa kushikika. Alijua analia kwa jinsi mabega yalivyotikisika.

Wanaishi pamoja, na wanaishi vizuri. Mtoto sasa anasimama kwa kushika viti. Baba yake akitaka kumwona, hutazama ukuta ulio kando yake. Naye mtoto hugeuka, akautazama ukuta ule kwa makini, atafute baba ameona nini. Asipoona kitu, humrudia baba kwa uso wote, akasubiri.